Herufi Nene za Kina Mama wa Naretoi

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mzee Munguti amenikataza kuchora herufi zangu kwenye mbao za duka, hata kwa chaki, hata upande wa nyuma. Anasema mbao ni za wateja na herufi zangu ni za mazishi. Kwa hiyo leo nimenunua daftari hili la kurasa themanini na nne, na kwa kuwa kurasa ni nyingi kuliko herufi nilizo nazo, nitaandika na mambo mengine.

Likipotea, atakayeliokota ajue ni la Evalyne Nzilani, fundi wa pili katika duka la mabango la Mzee Munguti, Kitengela. Mafundi tuko wawili tu.

Nusu ya maduka ya hapa yameandikwa na mkono wa Mzee. Herufi zake zina mikia, zina vivuli, nyingine zina maua. Watu wanazipenda. Zangu hazina chochote. Ni nene miguu lakini nyembamba mwili, ndefu, zimesimama karibu karibu kama watu kwenye foleni ya unga. Nilizianza Machakos nikiwa shule, nikinakili vichwa vya habari vya magazeti. Nilikuwa najiuliza mbona neno refu vile linaingia kwenye nafasi ndogo vile na bado linapiga kelele.

Mzee amesema, "Herufi bila mkia ni jogoo amenyonyolewa."

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto. Tumeandika kinyozi mmoja na kanisa moja.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo amekuja Tabitha Parmuat, ambaye kila mtu anamwita Mama Nelson. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama wanaoleta maziwa mjini kutoka bomani. Miaka mitatu wameuza wakiwa wamesimama kando ya barabara na mitungi yao, jua na vumbi. Sasa wamepata kibanda chao wenyewe kwenye lami, na wanataka kufungua Desemba.

"Takwenya, Mama Nelson," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Nataka bango. Moja, refu, juu ya mlango."

Akatoa karatasi. Ilikuwa imeandikwa CHAMA CHA AKINA MAMA WAUZA MAZIWA NARETOI.

Mzee akaishika mbali na uso, akanipa mimi. "Soma, nisikie vile unatamka."

Nikasoma. Mzee akacheka kidogo. "Mama, kibanda chako ni futi kumi na mbili. Andika NARETOI peke yake. Inatosha, inapendeza."

Mama Nelson akaketi kwenye mkebe wa rangi bila kualikwa. "Wazee wetu pia walisema hivyo. Walisema weka jina fupi, na halafu wakasema mwenyekiti awe mwanaume. Sasa wewe niambie, nitoe neno gani? Chama? Hii ni chama. Akina mama? Ndio sisi. Wauza? Tunauza, hatupewi. Maziwa? Naretoi ni kusaidiana, na hiyo ndiyo tulifanya mpaka tukapata hiyo kibanda. Neno gani nitoe, Mzee?"

Mzee akachukua penseli, akaanza kuhesabu herufi.

"Na iwe mstari mmoja," akasema Mama Nelson akiinuka. "Hatutaki mmoja wetu awekwe chini ya mwingine."

Jioni mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi lililolowa iliingia mpaka kwenye rangi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Redio inasema hii ni El Nino. Gichuru wa bekari jirani anasema ni mvua tu, imepewa jina la mgeni ili iogopwe.

Jumanne, 21 Oktoba

Sijui nicheke au nilie. Nimefanya yote mawili.

Mzee alikuwa amelifanya bango peke yake, hakunitaka karibu. Leo Mama Nelson alikuja na wenzake sita kulitazama. Mzee akavuta gunia lililolifunika.

Herufi zilianza upande wa kushoto kubwa, nzuri, zenye vivuli vya bluu. Kufika MAMA zilikuwa zimeanza kubanana. NARETOI ilikuwa imepanda kona kama kenge. Lakini si hilo lililofanya kina mama wasogee karibu. Mzee aliruka Z moja.

CHAMA CHA AKINA MAMA WAUA MAZIWA.

Mama Nelson alisoma kwa sauti mara mbili. Kisha akashika kiuno akacheka, na wenzake wakacheka, mmoja mpaka akaegemea mlango. "Tunaua maziwa! Ngai! Hata polisi watakuja!"

Mzee hakucheka. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao, akapita neno lote hivyo, herufi kwa herufi. Alipofika mahali Z ingekuwa, akasimama hapo muda mrefu.

"Nitarudia," akasema. "Mimi mwenyewe."

Nilisema, "Mzee, niko na herufi ambazo zinaweza kuingia zote."

"Nimesema mimi mwenyewe, Nzilani."

Nimekasirika. Miaka miwili namchanganyia rangi, namwoshea brashi. Huyu mzee angependa kina mama waue maziwa kuliko mimi niandike neno moja.

Jumamosi, 1 Novemba

Hata kama hataki, nimelifanya kwenye daftari. Herufi thelathini na tano, nafasi sita. Kila herufi inchi tatu tu kwa upana na kumi na nane kwa urefu. Mguu inchi moja, tundu inchi moja, mguu inchi moja. O si duara tena, ni nguzo mbili zilizovishwa kofia.

Shida ni M na W. Hizo haziwezi kubanwa, ukizibana matundu yanaziba na kwa mbali unaona doa tu. M ziko nne, W mbili, kila moja inadai inchi ya ziada: sita. Nilikaa nazo siku mbili. Halafu nikaziona I. Ziko tatu, na I haihitaji inchi tatu, inahitaji moja. Inchi sita zimerudi! Nilipiga kelele peke yangu mpaka Gichuru akachungulia kuuliza kama nimeona nyoka.

Mjini kumejaa karatasi za uchaguzi, kila ukuta, kila mti. Wagombea hawafanani hata kidogo lakini wote wameandikwa kwa herufi nene nyembamba, kwa sababu wote wanataka jina refu lionekane na mtu aliye upande ule wa barabara. Nilisimama mvuani nikizitazama. Mtu mmoja akaniuliza nitampigia nani kura. Nikamwambia natazama G.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Rangi haikauki. Matope yamenivua kiatu katikati ya mji na watu wakanishangilia.

Jumamosi, 8 Novemba

Mto umechukua mbuzi kumi na moja wa Soipan, mama mkwe wa Mama Nelson. Ni pale kwenye kivuko cha barabara ya ndani, ambapo gari hushuka na kupita majini kwa sababu daraja la zamani lilibomoka. Jana pia lori la mchanga lilibebwa. Dereva alipanda mtini, akapona. Ukitoka juu huoni maji mpaka umefika, maana barabara inakunja kona.

Mama Nelson amekuja dukani moja kwa moja kwangu. "Wewe mwenye herufi zinazoingia zote. Pale mtoni iko mguu wa daraja umebaki, wa mawe. Unaweza kuandika kitu mtu aone kama bado ako kwa kona?"

Mguu huo ni mrefu kuliko mimi lakini upana wake ni hatua moja tu. Herufi za Mzee hapo zingeingia mbili.

Mzee alikuwa akisikiliza. Nilingoja akatae. Akasema, "Mawe hayana mwenyewe. Nenda." Kisha akaongeza, "Chukua rangi ile ya barabara, haitatoka na maji."

Jumanne, 11 Novemba

Jua limewaka saa nne nzima! Tumekwenda na Nelson, mtoto wa Mama Nelson, anayeendesha pikapu ya maziwa. Nimepaka mguu wa daraja manjano, na juu yake, kwa herufi nyeusi zenye urefu wa hatua nzima, HATARI. Chini yake mstari mwekundu, na chini ya mstari MAJI YAKIFIKA HAPA USIVUKE.

Soipan alikuja kutazama akiwa na mbuzi waliobaki. Hajui kusoma. Aliitazama HATARI, akasema kitu kwa Kimaasai. Nelson akatafsiri: "Anasema hiyo imesimama kama morani sita wamekataa kupita."

Nimerudi nimechomeka na jua, na furaha yangu haina mfano.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nimejua jambo, na naona aibu kwa niliyoandika tarehe ishirini na moja.

Mzee alikuwa akirudia bango la kina mama. Aliniomba mkebe wa rangi nyeusi, nikampa, akaenda kuuweka chini. Baadaye nikamwona akiokota mwingine. Akafungua, akachovya, akaanza kupaka. Ilikuwa bluu. Alipaka mguu mzima wa herufi kwa bluu akiamini ni nyeusi. Halafu nikaona kidole cha mkono wake wa kushoto kinatangulia mbele ya brashi, kikipapasa mstari wa penseli kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Nilisema polepole, "Mzee, hiyo ni bluu."

Brashi ikasimama. Nilidhani atanitukana. Badala yake aliketi kwenye benchi, akaufuta mkono wake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Tangu Pasaka," akasema. "Kwanza ilikuwa kama ukungu wa asubuhi, unajua utaondoka. Haukuondoka. Jicho la kulia limeenda kabisa. La kushoto linafuata."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mteja? Fundi wa mabango haoni, ni kama mwalimu bubu. Zile herufi zako. Kila mara ulipozichora, nilijua huyu mtoto anaandika vitu ambavyo ningeweza kusoma. Hiyo iliniuma zaidi."

Nikamwashia jiko, nikapika chai.

Jumanne, 18 Novemba

Madaktari wa macho wanakuja Kajiado wiki ijayo, watapasua watu macho bure kwenye ukumbi wa kanisa. Nimemwambia Mzee. Amekataa. Anasema kisu kikikosea hatabaki hata na ukungu.

Nilimwita Mama Nelson. Alimsalimia, akaketi kwenye mkebe wake wa siku zote.

"Mzee, wewe unamjua mama mkwe wangu?"

"Soipan, namjua."

"Mwaka jana alikuwa haoni. Nilikuwa naishi vizuri sana. Akapasuliwa macho. Sasa hesabu ya mbuzi anaijua kuliko mimi, anaona sufuria chafu kama iko nyumba ya jirani. Amekuwa mtu mbaya kabisa." Akamwinamia. "Nataka na wewe uwe mtu mbaya."

Mzee alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mvua ianze.

Amekubali.

Jumapili, 23 Novemba

Kesho. Amekata nywele.

Jumatatu, 24 Novemba

Naandika nikiwa Kajiado, kwenye kiti cha nje ya ukumbi wa kanisa.

Tulitoka asubuhi na Nelson, mvua ikimwagika. Pikapu ina viti vya mbele tu: Nelson kwenye usukani, mimi katikati, Mzee kando ya dirisha ambalo halifungi. Kioo cha mbele kina wiper moja inayofanya kazi, na hiyo yenyewe inafanya kama inaombwa. Kabla ya Isinya tukakuta magari yamesimama. Trela lilikuwa limelala lami nzima. Nelson akasema, "Tupite barabara ya ndani, tutatokea mbele." Daktari alikuwa amesema watu wafike kabla ya saa sita. Tukageuka.

Nelson alijua kuna kivuko. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amepita hapo na maziwa, na maji yalikuwa chini ya goti. Kwa hiyo hakuogopa. Alikuwa anaongea nami, anaeleza ng'ombe wao mmoja anavyopenda redio. Mvua ilikuwa nzito mpaka mbele hatuoni ila kijivu. Mzee alikuwa ametoa uso nje ya dirisha, maji yakimpiga, nami nikamwambia arudi ndani atapata homa.

Akasema, "Hatari."

Nilidhani analalamikia mwendo. "Nelson anaendesha pole, Mzee."

"Sisemi mimi. Imeandikwa. HATARI, iko pale. Simama, kijana! Simama!"

Nelson akakanyaga breki. Gari likateleza ubavu ubavu kwenye matope, mimi nikamkumbatia Mzee, Mzee akakumbatia mlango. Likasimama.

Tukashuka. Barabara ilikuwa inaendelea hatua kama kumi mbele yetu, halafu haikuwapo. Mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo huu hadi ule, mwekundu, unanguruma, na tukiwa tumesimama hapo mti mzima wa mgunga ukapita na mizizi yake juu. Mstari wangu mwekundu haukuonekana. Maneno ya chini hayakuonekana. Maji yalikuwa yamemeza vyote, na juu yake ilikuwa imebaki HATARI peke yake.

Nelson alichuchumaa, akashika kichwa. "Asubuhi ilikuwa chini ya goti," akarudia, "chini ya goti."

Tukasikia gari lingine nyuma, landrova iliyobeba watu wa harusi. Tukakimbia kwenye kona sote watatu tukipunga mikono, Mzee mbele kabisa amevua koti analipeperusha. Wakasimama. Bibi harusi akashuka na gauni lake, akatazama mto, akamshika Mzee mikono miwili.

Tuliporudi kwenye gari Mzee akasema, "Niliona T kwanza. Imesimama kama mtu ameinua mikono. Halafu hizo zingine zikaja." Alinigeukia, ingawa najua uso wangu hakuuona. "Mwiitu wakwa, tukirudi utaandika bango la kina mama. Mimi nitashika ngazi."

Mwiitu wakwa, binti yangu. Miaka miwili alikuwa akiniita Nzilani tu, au wewe.

Tuliporudi lami, trela lilikuwa limevutwa. Tulifika Kajiado saa saba, madaktari wakifunga masanduku. Nesi mmoja aitwaye Nanjala alitutazama, matope mpaka nywele, akasema, "Nyinyi mmetoka vitani?" Nikamweleza. Akaingia ndani. Akatoka, akamshika Mzee mkono.

Nangoja.

Jumanne, 25 Novemba

Wamefungua bandeji asubuhi. Mzee alipepesa, akatazama ukuta, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Aliendelea kunitazama mpaka nikaona haya.

"Kumbe uko na pengo kwa meno," akasema.

"Nimekuwa nalo siku zote."

"Basi nisamehe. Sikujua nafanya kazi na mtu mzuri hivi."

Nesi Nanjala alilia kabla yangu.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Tumeanza bango. Mzee haruhusiwi kuinama, kwa hiyo anakaa nyuma yangu akitoa maagizo. Tayari amekuwa mtu mbaya.

Alhamisi, 4 Desemba

Rangi haikauki hata kwa maombi. Gichuru ameturuhusu tuuweke ubao juu ya tanuri la mikate. Futi kumi na mbili, umelala pale kama mgonjwa. Mzee amenifundisha kitu kikubwa: miguu ya kulala niifanye nyembamba kidogo kuliko ya kusimama, la sivyo jicho litaiona minene. Nilikuwa nimepima zote sawa na nikashangaa mbona A zinaonekana zimevaa mishipi. Miaka thelathini ya mikia na vivuli, na kumbe chini yake alikuwa anajua mifupa.

Ijumaa, 5 Desemba

Mikate yote ya Kitengela leo inanuka tapentaini. Gichuru anawaambia wateja ni El Nino.

Jumatano, 10 Desemba

Limekauka. Nyeusi juu ya nyeupe, na hakuna neno lililotolewa.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua ilisimama kwa saa kama tatu. Nadhani nayo ilitaka kuona.

Kina mama walikuja zaidi ya arobaini, wamevaa shanga zote walizonazo, wakipita matope kwa miguu huku viatu wamebeba mkononi. Nelson na Gichuru waliinua ubao. Mimi nilipanda ngazi kupiga misumari na Mzee akaishika kwa chini, na miwani yake mpya ya muda, nene kama vitako vya chupa.

Niliposhuka, Mama Nelson alisoma. Hakusoma haraka. Kila neno alilitaja peke yake, na kila alipotaja, wenzake waliitikia kwa vigelegele. Kufika NARETOI walikuwa wameanza kuimba, na Soipan, ambaye hajui hata A, alikuwa ameshika nguzo ya mlango akitikisa mabega kama msichana.

Kisha mama mmoja akauliza, "Inaonekana kutoka wapi?"

Tukaamua kujua. Sote tulivuka lami, tukaanza kutembea kinyumenyume kuelekea Namanga, macho kwenye bango. Madereva walipiga honi, wengine wakasimama kuuliza kama kuna ajali. Kwenye duka la mbao bado tulikuwa tunasoma. Kwenye pampu ya petroli bado. Hapo wachache wakaanza kusema hawaoni, wakabaki wakicheka. Kwenye mti wa pili baada ya pampu, mimi pia nikashindwa. Ilikuwa mstari mweusi tu. Mama Nelson akasimama kando yangu.

Mzee hakusimama. Alienda peke yake kinyumenyume, koti limefungwa vifungo vyote, hatua kwa hatua, huku akitupigia kelele maneno yote saba.

"Anadanganya!" Mama Nelson akapaza sauti. "Ameshika kwa kichwa!"

Mzee akasimama. Aliinua miwani, akaishusha. Kisha akarudi kwetu kwa mwendo wa haraka, akatupita, akaendelea mpaka chini ya bango, sisi sote nyuma yake, akanyoosha kidole juu.

"K ya AKINA," akasema. "Mguu wa chini ni mfupi kuliko wenzake."

Nilitazama. Sikuona kitu. Nikapanda ngazi na rula, watu wote wakinitazama. Nikapima mguu wa juu, nikapima wa chini.

Ulikuwa mfupi. Robo ya inchi.

Nilipogeuka kumwambia, alikuwa anajua tayari, anacheka mbele ya kina mama arobaini na maji yanatiririka chini ya ile miwani. Nami nilikuwa juu ya ngazi nikicheka hivyo hivyo, rula mkononi, na mvua ikaanza tena na hakuna mtu aliyekimbia.